Foleni ya Gari la Maji

Kwetu mtu akiulizwa hali hujibu alhamdulillahi. Ana homa, alhamdulillahi. Kavunjika mguu, yumo kitandani, mguu umening'inizwa kama paja la mbuzi buchani, alhamdulillahi, hana neno. Ni jibu la adabu na la imani, na mimi na imani hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na lile "sina neno" linalofuatia. Nimelisema mara nyingi kuliko nilivyolitaja jina langu, na siku moja nililisema mbele ya dirisha ambalo nililiendea kwa hiari yangu, nimejitayarisha wiki tatu, ili niseme kinyume chake.

Mwaka wa sita huu nina maradhi ya mishipa ya fahamu. Ukiniona huoni kitu. Natembea, naendesha gari, nasomesha Kiingereza skuli ya wasichana. Nisichokiweza ni kusimama pahala pamoja. Nikitembea miguu hunitii. Nikisimama dakika kumi, ganzi huanza kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, hupanda taratibu, na ikifika gotini goti si langu tena. Joto huzidisha, nami naishi Maskati.

Siku daktari aliponieleza yote haya nilikuwa na mama yangu. Alingoja mpaka tuko wawili ndani ya lifti. Hapo akanibana mkono, akaniambia, "Maradhi hayatembezwi, mwanangu. Watu wana macho." Alikusudia kijicho, husda, maneno ya wanawake harusini. Mama yangu huyo huyo ndiye aliyenifundisha kuwa mficha maradhi kilio humfichua, lakini methali hiyo aliiweka kwa ajili ya watoto wa wenzake.

Basi tukawa watatu tunaojua: mama, mimi, na mume wangu, anayefanya kazi mbali huko Duqm na huja nyumbani wiki moja, ya pili asije. Binti yetu hakuambiwa. Alikuwa na miaka mitano, na mimi nikajiambia ataelezwa akikua. Ukitaka kuahirisha jambo, mtoto siku zote ni mdogo.

Nikawa hodari wa hila. Sokoni Matrah niliingia maduka ya dhahabu, na haja yangu ilikuwa viti, kwa sababu wauza dhahabu ndio pekee wanaomkalisha mteja. Nilijaribu bangili ambazo sikuwa na nia ya kuzinunua mpaka goti linirudie, nikashukuru, nikatoka. Msibani nilikuwa wa kwanza kupata pa kukaa. Harusini nilijifanya nimepigiwa simu nikatoka kwenda kukaa garini. Mawifi zangu wakaniita mvivu kwa mzaha, na baada ya mwaka mmoja mzaha ukapungua. Nilikuwa nakaa katikati ya watu thalathini, wote damu yangu, na hapana hata mmoja aliyejua kazi niliyokuwa naifanya ya kukaa tu pale na uso mkunjufu. Sijapata kuwa mpweke kuliko katika zile shughuli za ukoo wetu.

Januari ya mwaka jana tulikwenda bustani ya michezo. Kwetu haendi mtu mmoja. Tulikuwa kumi na saba katika gari tatu, na chupa za chai, sambusa, mkate wa ufuta na mikeka, utadhani tunahamia Qurayyat. Binti yangu, wakati huo ana miaka kumi, alikuwa na haja moja tu: gari la maji. Ni chombo cha plastiki, umbo la gogo, chenye viti viwili viwili. Kinapandishwa juu kwa mnyororo, kikifika kileleni kinaachiwa, kinaporomoka mpaka kwenye dimbwi na kila aliyemo anarowa. Mtoto aliyekuwa chini ya kimo fulani hakuruhusiwa bila mtu mzima kando yake, na mwanangu alikosa kimo hicho kwa vidole viwili. Angeweza kwenda na shangazi yake yeyote. Alitaka mimi.

"Mimi na wewe, mama," aliniambia. "Si na mtu mwengine."

Nikamwahidi. Nilishasoma kwenye simu kuwa pale mlangoni pana dirisha la kuhudumia wageni, na kwamba mtu asiyeweza kusimama foleni hufungwa utepe wa kijani mkononi. Huandikiwa saa yake kwenye kadi, akakae atakapo, na saa ikifika hupita mlango wa pembeni na mtu mmoja wa kumsindikiza. Nilifurahi peke yangu jikoni. Nilifanya mazoezi ya maneno nitakayosema, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza.

Sikufikiri kuwa sitafika dirishani peke yangu. Mama alinifuata kuuliza pa kusalia, na wifi zangu wawili wakamfuata mama. Aliyekuwa dirishani alikuwa mwanamke wa Kikenya, msalaba mdogo shingoni, na alipotusikia tunazungumza Kiswahili chetu cha nyumbani uso ukamkunjuka, akaacha Kiingereza.

"Karibu madam," akaniambia. "Si lazima uniambie ni ugonjwa gani. Niambie tu, ukisimama kwa laini, shida huwa ni gani?"

Mtu hawezi kuulizwa kwa upole kuliko hivyo. Nami nilikuwa na jibu, lote, na lugha mbili za akiba. Lakini swali lilikuja kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili, mama yangu akiwa begani kwangu, kinywa changu kina jibu moja.

"Alhamdulillahi," nikasema, "sina neno."

Akanitazama. Akatazama fomu yake. Akanieleza kwa adabu kuwa utepe ule ni wa wale wenye shida ya kungoja, na kama mimi sina, basi laini ya kawaida ni ile pale. Mama akauliza pa kusalia, akaelekezwa. Tulipokuwa tunaondoka akanibana mkono kama siku ile ndani ya lifti, na niliona amefurahi kweli.

Kibao kilisema saa nzima kutoka hapo. Tukaingia foleni, mimi na binti yangu, mawifi na watoto wao nyuma yetu. Alinishika kidole akanisimulia habari ndefu ya paka wa skulini aliyezaa ndani ya kabati la vitabu. Nilikuwa naitikia huku nimeegemea chuma, nabadilisha mguu. Ganzi ikaanza kwenye kidole. Ikapanda. Paka alikuwa ameshazaa wanne nilipohisi goti linaondoka.

Nikamwambia nakwenda msalani, anishikie nafasi, narudi sasa hivi. Akasema haya. Nikapita chini ya vyuma nikaenda nikiburura mguu mpaka nyuma ya kibanda cha bisi, palipo na benchi linaloelekea ukutani. Nikakaa nikilia. Sikulia kwa maumivu, kwani maradhi yangu hayaumi sana. Nililia kwa hasira. Nilijiambia dakika kumi kisha narudi. Nikajaribu kuinuka mara mbili. Mguu haukutaka.

Yaliyopita kule foleni niliyasikia baadaye kwa wifi yangu. Mtoto alifika mpaka ngazi ya juu kabisa, pale watu wanapopandia, akaanza kuwapisha watu. Wifi yangu alimwambia njoo ukae na mimi. Akakataa. "Kawapisha, kawapisha," wifi yangu alinambia, "sie tumepanda, tumeshuka, tumerowa, yeye bado kasimama pale pale ngazini." Mwisho akateremka peke yake, akipingana na watu wanaopanda, nguo zake kavu.

Wakati huo mimi nilishajifuta uso na kurudi mikekani. Nikamwambia msalani nako kulikuwa na foleni. Akasema, "Haya, mama," akachukua sambusa. Njiani alilala, au alifumba macho, tangu Rusayl mpaka nyumbani.

Tangu siku hiyo hakuniomba tena kitu chochote kinachotaka watu wawili. Hakulalamika, angelalamika ningejua pa kuanzia. Ikija barua ya skuli ya kuwaita akina mama, alimpelekea bibi yake. Akitaka kusukwa nywele, alikwenda kwa shangazi yake mdogo. Aliniamkia shikamoo asubuhi, akaniletea chai nikirudi kazini, akafunga mlango wa chumba chake taratibu. Nilikuwa nampoteza, na ananiacha kwa adabu zote nilizomfundisha mwenyewe. Mume wangu aliposhuka kutoka Duqm nilimweleza. Akasema watoto husahau. Hakuwapo kuona namna alivyokuwa hajasahau.

Januari hii nilimchukua tukarudi bustanini, sisi wawili tu. Nilimwambia mama tunakwenda kununua viatu. Nilipomuuliza binti yangu kama angependa kurudi kule alisema, "Ukitaka wewe, mama," kama mtu mzima anayekubali kwenda kumwona mgonjwa.

Dirishani alikuwapo mwanamke wa Kikenya. Sijui kama ni yule yule; mara ya kwanza nilimtazama msalaba zaidi ya uso, na naona aibu kukiri. Nilianza kwa Kiarabu, lakini aliuliza asili yetu ni wapi, nikamwambia, na baada ya hapo ilikuwa ni Kiswahili tena. Akaniuliza vile vile: nikisimama, shida huwa gani. Kinywa kikafunguka, na nikasikia kabisa alhamdulillahi inakuja na mwenzake nyuma yake. Nikaitoa ya kwanza. Ya pili nikaizuia.

"Alhamdulillahi," nikasema. "Nna maradhi. Siwezi kusimama. Dakika kumi tu, mguu huu hauwi wangu, na nikilazimisha nnaanguka."

Sikuwahi kuyasema hayo kwa Kiswahili nje ya nyumba yetu. Hospitali nilikuwa mgonjwa kwa Kiingereza, na katika dua niliomba kwa Kiarabu. Yule dada hakushtuka wala hakunionea huruma. Aliandika, akanifunga utepe, akauliza nani atakayenisindikiza.

"Mimi," binti yangu akasema.

Kadi ilisema turudi baada ya dakika hamsini. Nikaondoka pale bila kumtazama usoni, kwani niliogopa nitakachokiona: mtoto aliyefichwa jambo kwa miaka sita, kisha akalisikia likiambiwa mgeni dirishani. Nilikuwa natafuta maneno. Yeye alitangulia. Alipita kibanda cha bisi, akazunguka nyuma yake, akakaa kwenye benchi linaloelekea ukutani, na akanisogezea nafasi.

Nikamuuliza amelijuaje benchi lile.

"Si ndipo hapa ulipokaa siku ile?" akasema. "Ukifika ile ngazi ya juu unaona kote."

Akanieleza akiwa anautazama ukuta, bila pupa. Alijua tangu alipokuwa na miaka minane hivi kuwa mguu wangu una kitu. Alikuwa akiniona nikishika mashine ya kufulia kwa mikono miwili. Alijua habari za maduka ya dhahabu. Alimuuliza bibi yake mara moja, naye akamwambia mama yako hana neno, alhamdulillahi, na usimuulize mtu. Hakumuuliza mtu. Siku ile niliposema nakwenda msalani alijua siendi msalani na alijua sirudi.

Mwaka mzima nilikuwa nimemwona mwanangu pale ngazini akinitazamia mimi, akiwapisha watu kwa sababu aliamini nitatokea. Nililala na picha hiyo na kuamka nayo. Nikamuuliza, kama alijua sirudi, kwa nini hakupanda na shangazi yake, na kama hakutaka kupanda, kwa nini hakushuka mapema. Kulikuwa na haja gani ya kuwapisha watu wote wale.

"Ulikuwa unalia," akasema. "Ningeshuka mapema ungejua nimekuona. Nikangoja mpaka ukajifuta uso ukaondoka."

Nikamuuliza aliwapisha watu wangapi. Akasema hakumbuki, wengi, wengine walirudi mara ya pili wakamkuta bado yupo.

Kilio changu kilinifichua kweli, kama methali ilivyosema, kwa mtu mmoja tu, naye alikuwa na miaka kumi, na alisimama ngazini akijikosesha alichokitaka ili anisitiri. Hakuna aliyemfundisha. Au tulimfundisha sote. Kisha akarudi nyumbani na siri yangu, akaacha kuniomba vitu asije akanilazimisha kusimama, na mimi nikafikiri amenichoka. Mwaka mzima tumekula meza moja, kila mmoja akimlinda mwenzake, na kila mmoja yuko peke yake.

Nilitaka kumwomba radhi, machozi yakatangulia. Niliinamisha uso ukutani kama siku ile, na mkono wangu ukaenda kwenye ncha ya mtandio, kujifuta kabla hajaona. Akaushika mkono, akaurudisha mapajani kwangu.

"Lia tu, mama," akasema. "Bado tuna dakika arobaini."