Picha ya Tumbo la Naima

Mtaa mzima wa Kizwite unajua kwamba Shamsi, muuza vitenge, ana wivu. Si ule wivu wa kuuliza ulikuwa wapi. Huu ni wa kuuliza mbona leo umejipaka mafuta. Mkewe Naima hajawahi kupimwa gauni na fundi. Shamsi humpima mwenyewe kwa kamba, kisha huipeleka kamba kwa fundi. Watu wakicheka, hujibu, "Cha kwangu ni changu."

Sasa, ugonjwa hauna adabu. Tumbo lilimshika Naima upande wa kushoto, chini ya kitovu. Homa ikapanda, akatapika mpaka nyongo. Majirani wakasema mawe ya figo, wengine chango. Kidole tumbo hakuna aliyekitaja, maana kila mtu anajua kinauma kulia. Shamsi yeye aliwaza mengine: labda ni mimba, na kama ni mimba, ya nani, ilhali siku nyingi yeye alikuwa kijijini Muze akiuza mnadani? Wazo hilo lilimchoma kuliko homa ya mkewe. Mungu amsamehe.

Hospitali walipima mimba, hakuna. Shamsi akapumua. Mpasuaji alikuwa mwanamke, Daktari Fransiska, na kwa hilo pia akamshukuru Mungu. Daktari akaagiza siti skani, aone ndani kabla ya kushika kisu. Picha ilipotoka akaibandika kwenye kisanduku cha taa, akaita, "Benjamini! Zenon! Njooni muone!"

Wakaja madaktari wawili vijana, wakainamia. Ini la Naima lilikuwa kushoto. Viungo vyake vyote vya tumboni vilikuwa vimepangwa kinyume tangu azaliwe, na kidole tumbo, kimevimba, kilikuwa kushoto vilevile.

"Hii sijawahi kuiona," Benjamini akasema, uso unamng'aa.

Miaka yote hii Shamsi amelala na mwanamke huyu, amezaa naye mtoto, Hasna, asijue ini lake liko wapi. Leo kijana wa watu amelijua kwa kutupa jicho tu! Akaichomoa picha, akaikunja, akaisokomeza ndani ya koti.

"Baba, hiyo ndiyo inayonionyesha pa kupasua," Daktari Fransiska akasema. "Kidole kikipasuka humo ndani, tunaweza kumpoteza."

"Tazama wewe peke yako. Hawa watoke."

"Hawa ndio watakaonisaidia kumpasua."

Shamsi hakuitoa. Alijua anafanya upuuzi, na bado mkono ulikataa kutoka kwenye koti.

Naima akafumbua macho pale kwenye machela. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Baba Hasna," akasema polepole, "basi nenda nyumbani na hiyo picha. Ndiyo mke utakayebaki naye."

Akageuza uso ukutani.

Shamsi akaitoa. Kwa jinsi alivyoikunja, haikukubali tena kukaa kwenye kisanduku. Kila ikibandikwa, inajikunja na kudondoka. Ikabidi aishikilie yeye, kwa mikono miwili, ameibana kwenye taa, na wale vijana wakasogea mpaka pumzi zao zikamfika shingoni. Wivu haukupungua hata chembe. Ulimchoma palepale alipokuwa amesimama, machozi yakamtoka mbele ya watu.

"Tazameni vizuri," akawaambia. "Tazameni kila kitu."