Mwiko wa Kusikilizia Mabomba

Mzee aliyenifundisha kazi ya mabomba alikuwa na tabia moja iliyonikera kwa miaka miwili. Ukitaka kumwambia jambo, hata kama choo kinafurika, lazima umzunguke, usimame mbele yake, umtazame usoni, ndipo useme polepole. "Ongea kama mtu," alikuwa akisema. Simu hakupokea, ukimpigia anakujibu kwa ujumbe wa neno moja: Andika. Nilisema moyoni, huyu ana maringo ya chifu.

Tulikuwa wawili tu katika idara ya matengenezo ya hospitali moja ya kibinafsi mjini Meru. Yeye alikuwa ametunza boila ya maji moto yenye kelele, majokofu ya dawa na kila koki ya nyumba ile tangu kabla sijazaliwa. Mimi nilikuwa msichana aliyetoka chuo cha ufundi Embu na cheti kipya, tena nimekulia Mitunguu kati ya migomba na mabomba ya kunyunyizia, kwa hiyo nilijiona najua maji kuliko maji yenyewe.

Kifaa alichokipenda kuliko vyote kilikuwa mwiko wa ugali uliotupwa na watu wa jikoni. Penye tatizo alienda nao peke yake, mimi ananituma stoo nikalete hiki na kile, na nikirudi tayari ameshajua ugonjwa. Mpini wake ulikuwa na alama ndogondogo za kutafunwa. Nilidhani ni panya.

Julai moja ya baridi, bomba la maji moto la wodi ya akina mama waliojifungua lilianza kuvuja chini ya sakafu. Presha ilishuka kila tukigeuka, na watoto wa siku moja wakawa wanaogeshwa kwa maji yaliyochemshwa jikoni na kubebwa kwa ndoo. Msimamizi wa hospitali alitoa amri: tusipomwonyesha mahali hasa panapovuja kufikia saa kumi jioni, kesho korido yote itavunjwa na akina mama wahamishiwe ukumbi wa mikutano, ambao ni baridi tupu. Kisha akaniambia pembeni kwamba labda wakati wa mzee kwenda kupumzika umefika.

Nilikasirika, nikataka mimi mwenyewe nimwokoe mzee wangu. Karibu na sinki ya mwisho sakafu ilikuwa na unyevu, na nilipotega sikio nikasikia maji yakichuruzika. Nikashika patasi na nyundo. Mzee akanizuia mkono.

"Maji inatembea chini ya simiti, mwari wakwa. Hapo ni mahali imefika, si mahali imetoka," alisema, akiniita binti yake kwa Kimeru.

"Lakini mzee, mimi naskia kabisa ikilia hapa!"

Alitazama saa ukutani. Safari hii hakunituma stoo. Alipiga magoti, akaweka bapa la mwiko sakafuni, akaung'ata mpini kwa meno na kufumba macho. Alifanya hivyo kigae baada ya kigae, mpaka mlango wa chumba cha tatu, akasimama hapo.

"Ng'ata."

Niling'ata. Mwanzoni sikupata kitu. Halafu nikahisi mtetemo mdogo kwenye taya, kama unapoegemea ukuta wa kinu cha posho. Tulitoa kigae kimoja tu, tukachimba, na mvuke ukatupiga usoni. Tundu lenyewe halikuzidi punje ya ndengu.

Nilimpenda sana yule mzee dakika ile. Alikuwa ameinama akifuta bomba, mimi niko nyuma yake. "Mzee, nani alikufundisha hii?" Hakugeuka. Nikauliza tena, kwa nguvu. Aliendelea kufuta. Ndipo nikakumbuka simu zisizopokewa na ile "ongea kama mtu" yake, na aibu ikanishika kwa yote niliyomwazia. Alipogeuka aliona uso wangu, akajua kwamba nimejua.

"Boila ilikula maskio yangu kitambo," alisema chinichini. "Ofisi ikijua, naenda nyumbani."

Akarudi kuinamia bomba. Msimamizi akatokea nyuma yetu, saa kumi kasoro.

"Mzee! Mmejuaje ni hapa?"

Mzee alikuwa anakaza kibanio, mgongo umemwelekea.

"Mzee, si nakuongelesha?" Sauti ya msimamizi ilikuwa imebadilika, na alikuwa anamkodolea mzee macho.

Nilisimama na nyundo yangu mkononi, magoti yamejaa matope. Sijawahi kumjibu mkubwa hivyo, kabla wala baada.

"Mkubwa, zunguka huku mbele, umwangalie, uongee kama mtu. Idara yetu ndivyo tunaongea."

Msimamizi akainua suruali yake kidogo, akaruka shimo, akaja kusimama mbele ya mzee, na akauliza swali lake upya, polepole. Mzee akainua uso na kumjibu.