Sahihi ya Mzee Koki

Sakafu ya chumba cha mama yangu ilianza kutoa jasho siku tatu baada ya mtaa mzima kushangilia.

Nasema jasho kwa sababu mvua haikunyesha na bomba halikupasuka. Asubuhi nadeki, mchana imelowa tena.

Ngoja nianze mwanzo.

Nyuma ya nyumba zetu palikuwa na shimo kubwa la maji ya kijani. Mbu wa pale, usiombe! Mwanangu alilazwa mara tatu kwa malaria. Tukasema basi, imetosha. Tukaunda kamati, na mimi fundi cherehani nikapewa ukatibu, eti mwandiko wangu unasomeka.

Bwana afya wa halmashauri alitupokea vizuri.

"Tutalifukia. Ila nataka sahihi za nyumba zote kumi na mbili zinazopakana na shimo. Ikikosekana hata moja, lori haliingii. Mwisho Ijumaa."

Kumi na moja nilizipata siku hiyo hiyo. Ya kumi na mbili ilikuwa ya Mzee Koki, fundi bomba mstaafu, mbishi hadi basi.

"Sisaini," alisema. "Kaa kwanza nikueleze, mwanangu. Maji ya pale..."

"Mzee wangu, nina nguo za watu. Siku nyingine."

Nikaondoka zangu. Majirani nao wakanitia ndimu: huyo mzee anafuga mbu, au?

Alhamisi nikaketi kwenye cherehani yangu, nikamsainia.

Malori yakaja, yakamwaga kifusi, tukapiga vigelegele. Mzee Koki alisimama mlangoni kwake. Nilikwepa macho yake.

Siku ya tatu ndiyo hiyo sakafu. Siku ya tano nikaona ufa ukutani, mwembamba kama uzi. Siku ya saba kidole kikaingia.

"Mwanangu," mama akaniambia, "chini ya kitanda nasikia maji yanatembea."

"Uzee huo, mama," nikamtania.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliziba shimo.

Ukuta ulianguka saa nane mchana, mimi nikiwa nashona. Uliangukia miguu ya mama.

Jamani, vile alivyopiga kelele! Mpaka leo sijazisahau.

Kesho yake, mama akiwa hospitali, bwana afya alikuja na faili lake. Vibarua wakachimba kidogo tu pale chumbani, maji yakafoka. Kumbe chini kuna chemchemi. Bwana afya akapekua faili: shimo lile lilichimbwa makusudi miaka thelathini nyuma ili maji yatokee huko, yasipite chini ya nyumba. Na aliyelichimba, akiwa kibarua wa halmashauri, ni Mzee Koki.

Mtaa ukamgeukia.

"Kumbe ulijua! Sasa mbona ulisaini?"

Bwana afya akamsogezea karatasi. "Mzee, sahihi hii ni yako?"

Kughushi ni jela, na mama hana mwingine ila mimi.

Mzee aliitazama karatasi. Akanitazama mimi. Akatazama kitanda cha mama, tulichokitoa nje kikiwa kimejaa tope.

"Ni yangu," akasema.

Nami nikanyamaza. Mungu anisamehe, nilinyamaza.

Tangu siku ile hakuna aliyemwitikia salamu. Wengine waliupaka mlango wake kinyesi. Miezi miwili baadaye alihama bila kuaga mtu.

Ndugu zangu, mtu mmoja akikataa jambo ambalo mtaa mzima umelikubali, kaa chini umsikilize. Usimwite adui kabla hujamuuliza sababu. Mimi nimejifunza nikiwa nimechelewa.

Mama hatembei tena. Kila nikimgeuza kitandani, humlaani Mzee Koki, kisha huniuliza, "Au nasema uongo, mwanangu?"

Nami humjibu, "Kweli kabisa, mama."