Paa Lililokataa Kuanguka

Zdravka Kolarova alikuwa mwaka wa nne wa uhandisi wa ujenzi, tena mhariri wa gazeti la wanafunzi, alipopoteza vyote viwili kwa sababu ya paa.

Gazeti hilo liliitwa Boriti. Lilianzishwa kabla ya vita na wanafunzi waliochoka kusoma uhandisi kwa vitabu vya Kijerumani. Walifasiri masomo kwa Kibulgaria, wakayachapa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, na pembeni wakatia vichekesho kuhusu walimu wao. Wengi waliojenga madaraja ya upande ule wa Mto Danyubi walifundishwa na Boriti kwanza, maprofesa baadaye. Zdravka alilipenda kuliko chakula.

Majira ya baridi ya mwaka 1972 theluji nzito ililalia ukumbi mpya wa michezo wa chuo. Zdravka na mwenzake Lyuben Tsachev walikuwa wakicheza mpira wa wavu humo, na walipotaka kutoka mlango ukagoma kufunguka, fremu yake imebanwa kutoka juu. Wakatazama juu. Paa lilikuwa limebonyea. Usiombe hesabu waliyoipiga jikoni mwa bweni; walirudia na kurudia, jibu likabaki lilelile: boriti zilikuwa nyembamba mno. Aliyezichora ni Profesa Haralampiev, mkuu wa kitivo chao. Zdravka akaichapa hesabu hiyo katika gazeti la Boriti hivyo hivyo, majina yao wawili chini.

“Wewe binti,” Profesa alimwambia mbele ya Lyuben, gazeti likiwa mezani, “umehitimu lini hata uje kunisahihisha mimi?”

“Sijakusahihisha wewe, Profesa. Nimesahihisha boriti.”

“Boriti haisomi magazeti. Wakubwa wa serikali huko Sofia wanasoma. Andikeni kwamba mlikosea, yaishe.”

“Na wanaocheza chini yake?”

“Hao niachie mimi.”

Nje ya mlango Lyuben alimshika mkono. “Zdravka, tusijitie kitanzi. Tutie sahihi, tumalize masomo, halafu tutasema.”

“Halafu lini?”

Lyuben akarudi ndani. Akatia sahihi peke yake. Kabla theluji haijayeyuka, Zdravka alikuwa amefukuzwa chuo na gazeti la Boriti limefungwa.

Baba yake, dereva wa treni, alimpokea kituoni bila kumsaidia mzigo. “Wewe ulitaka kuwa mhandisi au kuwa sahihi?” Hakuuliza tena maisha yake yote.

Zdravka akarudi mji wa chuo, akaajiriwa katika kiwanda cha kusindika mboga, akamenya pilipili hoho za kuchoma mpaka vidole vikababuka. Hakuolewa. Mchumba wake wa chuoni alianza kwa kuchelewa kuja, akamalizia kwa kutokuja kabisa. Na kila baridi ilipokaza, wenzake kiwandani hawakumwacha.

“Mhandisi! Theluji magotini leo. Paa lako halijaanguka tu?”

“Bado.”

“Liambie liharakishe, sisi tunastaafu!”

Alicheka nao. Lakini kuna jambo hakumwambia mtu. Theluji ilipozidi, alipita makusudi karibu na ukumbi ule, akasikia watoto wakipiga kelele ndani, na moyo wake ukatamani kishindo. Kisha alijiogopa, akarudi nyumbani. Miaka ikapita, paa likasimama. Mwishowe akaamini kwamba alikosea kweli, kwamba aliyatupa maisha yake kwa hesabu mbovu.

Zdravka alikuwa ameshastaafu siku Lyuben alipobisha mlango wake. Mgeni alikuwa amekonda, shati linamning’inia, na kila ngazi ilikuwa imemkata pumzi. Zdravka alimkaribisha jikoni, akamwekea chai ya majani ya mlimani.

“Kiangazi kile baada ya wewe kuondoka,” Lyuben alisema, “walifunga ukumbi, wakasema wanapaka rangi. Waliingiza vyuma vya kushikilia paa, wakavificha juu ya dari ya mbao. Profesa aliniagiza nivichore. Nilichora kwa hesabu zetu, Zdravka. Zilikuwa sahihi.”

Birika lilitokota mpaka likakauka.

“Kwa hiyo miaka yote hii,” Zdravka alisema, “paa limesimama kwa sababu yangu.”

“Ndiyo.”

“Na ulinyamaza.”

“Nilikuwa na watoto.”

“Mimi sikupata wa kuwa nao,” alisema, akainuka kuzima jiko. “Utaliandika hilo, utie sahihi yako?”

“Nitaandika. Jumapili nitakuletea.”

Jumapili hakuja, alikuwa amelazwa, na hospitali hakutoka hai. Zdravka alikwenda kwenye ukumbi akaomba apande juu ya dari. Mfanyabiashara wa fanicha aliyeununua aliutazama mkongojo wake. “Nenda kapumzike, bibi. Juu kuna panya tu.”

Makaburini, siku ya kumzika Lyuben, mhandisi mmoja mwenye tai nyeusi alisema marehemu hakuwahi kukosea hesabu hata moja maishani. Mjane akagawa ngano iliyochemshwa kwa sukari na kokwa za jozi, kama ilivyo desturi ya mazishi huko. Alipofika kwa Zdravka alisita.

“Samahani, dada, sikutambui. Mlijuana wapi na marehemu?”

“Tulisoma pamoja,” Zdravka alisema. “Mimi sikumaliza.”

Akapokea kikombe chake cha ngano, akala amesimama kwenye tope.