Uzi wa Kwacha Mia Tisa

Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi karani wa ofisi ya Lilongwe alipogeuza kompyuta yake ili na mimi nione. Kwenye lahajedwali, malipo ya mafundi wetu thelathini na mmoja yalikuwa yamesinyaa. Aliyeshona sare za kwacha elfu tisini aliandikiwa tisini.

"Bambo," alisema kwa Kichewa, "hawa akina mama wenu wanashonea chumvi?"

Nilikuwa nimetoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka alfajiri, faili ikiwa kwenye flash. Mjane mmoja wa Fizi, kwetu Kongo, fundi wa kikundi chetu, alinisindikiza hadi barabarani. Alishonea mashini ya kukodi, na mwenye mashini alikuwa anaiuza.

"Papa, iko mununuzi mwengine anangoja," aliniambia. "Franga ikiingia leo, kesho namalizia kulipa, mashini inakuwa yangu. Usiende kulala huko."

"Mama, kazi imekwisha. Ni kupeleka tu."

Nilisema hivyo kwa kuwa niliamini. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiandaa ripoti za kikundi, kazi niliyojifunza peke yangu kwenye kompyuta ya kanisa. Ripoti zangu zilipendeza: kichwa cha buluu, visanduku vilivyounganishwa, jumla kwa herufi nzito chini ya kila ukurasa. Lakini safari hii ofisi ya Lilongwe iliyonunua sare haikutaka karatasi. Ilitaka safu tupu ambazo mfumo wao ungezisoma na kumlipa kila fundi kwenye simu yake. Ilikuwa oda ya mwisho, na orodha ilifungwa saa sita mchana siku ile.

Nilisafisha siku mbili. Nilitenganisha visanduku, nikafuta vichwa vilivyojirudia kila ukurasa, nikaondoa na mistari ya jumla ili mfumo usije ukailipa kama fundi wa thelathini na mbili.

Kitu kimoja sikukiona kwa sababu nilikuwa nacho tangu shule ya msingi Uvira. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaweka nukta kwenye maelfu: elfu tisini ni 90.000. Kompyuta za Malawi zinahesabu kwa desturi ya Kiingereza. Kwao nukta hiyo inamaanisha kwamba namba nzima imeishia hapo, na sifuri zinazofuata hazina kazi.

"Una dakika kumi," karani alisema akiniachia kiti. "Wengine wanangoja."

Kuandika upya mistari yote kusingewezekana. Nikachukua njia ya mkato: nilizidisha kila namba kwa elfu moja, katika safu ya ushonaji na katika safu ya nyuzi, kwa maana kila fundi alikatwa bei ya nyuzi alizochukua stoo. Tisini ikarudi kuwa elfu tisini. Nikalinganisha na karatasi mistari mitano ya juu na mitano ya chini. Yote sawa. Karani akatuma. Nikasema zikomo, asante yao, nikatoka kutafuta gari la kurudi.

Nilipofika kambini saa kumi jioni, simu za mafundi zilikuwa zimekwisha kulia kwa ujumbe wa malipo. Yule mama wa Fizi alikuwa amekaa mlangoni kwangu, yake mkononi.

"Papa, angalia. Simu yangu njo imelala peke yake?"

Nilifungua nakala ya faili. Alikuwa mstari wa kumi na saba. Mafundi wengine wote walichukua nyuzi za zaidi ya elfu moja. Yeye alichukua za mia tisa tu, kwa kuwa alikuwa anaokota vipande wenzake walivyotupa na kuviunga. Mia tisa haina nukta. Kompyuta ya Lilongwe iliisoma vizuri. Mimi ndiye niliyeizidisha. Kwenye mstari wake uzi ulikuwa umegharimu elfu mia tisa, zaidi ya mara kumi ya kazi yake, na mfumo haumlipi mtu aliye chini ya sifuri. Ulimruka. Mstari wa jumla ungenionyesha kosa mara moja, kama nisingekuwa nimeufuta.

Nilimweleza polepole, nikionyesha kwa kidole.

"Bengine balitupa nyuzi chini," alisema. "Mi nikaokota. Sasa mi njo nimelipishwa?" Alicheka kidogo, bila furaha. "Ungeandika tu na mukono, papa."

Nilirudi Lilongwe mara mbili. Karani alisikitika kweli, lakini orodha ilikuwa imefungwa na mradi wa sare umekwisha. Nilimpelekea yule mama posho yangu ya mwezi. Akairudisha mikononi mwangu. "Kanunulie batoto bako unga."

Wiki iliyofuata kabaza, mwendesha baiskeli ya kukodi, alikuja kuchukua mashini ampelekee yule mnunuzi mwingine. Mama mwenyewe aliishikilia nyuma ya baiskeli hadi kwenye kona, isianguke.

Alikuwa ameshona sare ishirini na nane, kwa elfu tatu kila moja. Ukitoa uzi, ni kwacha elfu themanini na tatu na mia moja.