Jina la Bibi Veredyana

Nyamirambo, mtaa wa Kigali tulikokulia na Kiswahili chetu, mtu akigoma amekataa kazi au amri, basi. Lakini panda milima hadi kwa bibi yangu Veredyana, uwaambie watu kwa Kinyarwanda kwamba fulani ni umugome, uone akina mama wanavyovuta watoto wao karibu. Huko umugome ni katili, mtu asiye na chembe ya huruma. Na bibi yangu aliitwa hivyo miaka arobaini.

Kosa lake? Babu alipofariki, shemeji zake walimtaka arudi kwao, aache watoto wanne na shamba la mtama. Akaweka kigoda mlangoni, jembe mapajani, akasema haondoki. Hakumgusa mtu. Walirudi siku tatu mfululizo wakamkuta palepale, anachambua maharage. Waliposhindwa wakamwachia jina.

Jina hilo nusura livunje posa yangu. Siku ya kuniomba, msemaji wa wageni alikuwa Mzee Gasarabwe, ami yake mchumba wangu Rugwiro. Akatua kibuyu cha pombe ya ndizi, akasema, “Binti tumempenda. Ila tunasikia nyumba hii ina umugome. Tukichukua ndama, hatutabeba na pembe za bibi yake?”

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Wiki moja kabla, mzee huyo alikuwa amemwambia Rugwiro atafute kwingine.

Wanawake hawasemi kwenye baraza hiyo. Bibi akasimama.

“Baba, huyo umugome ni mimi. Neno hilo umelitoa wapi?”

“Mama, si la wazee hilo?”

“Wazee gani? Zamani umugome ni aliyemgomea mfalme. Anaambiwa lete ng'ombe, anasema sileti. Sasa ulitaka mfalme amwiteje, mtu mwema? Waliokataliwa ndio waliolipa jina hilo maana ya ukatili, baba. Nami nilikataa! Mama yake huyu unayemtaka amekulia kwenye shamba lile. Ningekuwa mpole, leo ungekuja kumposa nani?”

Nilijaa fahari hadi machozi yakanitoka mbele ya wakwe.

Mzee Gasarabwe akavua kofia. “Mama, umeniweza. Tupeni binti, tunamtaka na pembe zake.”

Wakaleta ng'ombe wa mahari, mtamba mwekundu. Mzee, akitaka kumaliza vizuri, akatangaza kwamba kwa heshima ya nyumba ile ng'ombe huyo ataitwa Umugome.

“Hapana,” akasema Bibi. “Jina hilo lina mwenyewe. Mtafutieni jingine.”