Vioo Vitatu Ukutani

Mpaka leo nikisikia harufu ya chokaa iliyolowa mvua, mkono wangu wa kulia unajikunja wenyewe. Ndiyo harufu ya nyumba tuliyopanga nyuma ya soko, Moshi mjini, nilipokuwa na miaka kumi. Ilikuwa nyumba ya mawe, ya zamani sana, hata wazee wa mtaa habari za kujengwa kwake walizisikia tu kwa baba zao. Mbele ilikuwa na baraza refu lenye nguzo nene, ambako jirani yetu Mama Zuhura alikaanga vitumbua tangu alfajiri. Nyuma palikuwa na ua wenye bomba moja, na vyumba sita vilivyouzunguka, kila chumba na familia yake. Masika yalipoingia, mlima ulijifunika mawingu wiki nzima, kuta zikanywa maji na kuachia harufu ile kali iliyochanganyika na moshi wa mkaa. Watu tuliokua nao mle, tukikutana leo msibani au harusini, hufumba macho na kusema, "Jamani, nyumba ile!" Mimi hunyamaza, maana nyumba ile niliichukia kuliko kitu chochote duniani.

Wanasema ukuta una masikio. Za kwetu zilikuwa kuta viziwi. Unene wake ulizidi urefu wa mkono wangu. Nilipima mwenyewe dirishani, vidole havikufika nje. Baba alikuwa fundi wa malori, na kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi alikuwa mtu mpole, mwenye mikono inayonuka dizeli, anayejua kututania. Jumapili baada ya misa alikwenda kilabuni kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, na saa tisa alasiri alirudi kumpiga mama. Sitalizunguka neno hilo, nimelizunguka miaka mingi mno. Alimpiga kwa mkanda, kwa kiatu, kwa ngumi, akianza na kosa dogo kama chumvi kwenye kiburu cha ndizi na maharage, na akishaanza hakukumbuka tena kosa lenyewe. Mama aliuma pindo la kanga ili asilie. Kisha, jioni, akijikanda kwa maji ya moto, aliniambia maneno yaleyale: "Ni nyumba hii, mwanangu. Haina heri. Siku tukihama hapa, baba yako atapoa." Sijui kama aliyaamini. Mimi niliyaamini kuliko katekisimu.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akisikia, au tuseme mmoja tu ndiye aliyekubali kwamba amesikia. Aliitwa Evaristi, mtu wa Machame, msimamizi aliyewekwa na mwenye nyumba. Aliishi peke yake kwenye kijumba cha mlangoni na kutembea na furushi la funguo. Wapangaji walimchukia, kama kawaida ya wapangaji, wakampachika jina la Mbwa wa Tajiri. Lakini Jumapili, mambo yalipopamba moto chumbani kwetu na majirani wakaongeza sauti za redio, tulisikia funguo zinagongwa mlangoni, na sauti ya Evaristi ikimwita baba kwa jina langu, taratibu, "Baba Anna, samahani, naomba kiberiti." Baba alifungua, akihema, jasho linamtiririka, akampa kiberiti. Mara nyingi hasira ilikatikia hapohapo. Evaristi hakuwa anavuta sigara, na jiko lake lilikuwa limekwisha kuzimwa tangu mchana. Nilimpenda kwa ajili ya kiberiti kile, ingawa sikuwahi kumwambia.

Mwaka huo, kabla ya mvua, tajiri mwenye nyumba aliomba kibali cha kuibomoa ajenge ghorofa. Nyumba ilikuwa kwenye orodha ya majengo ya kale, kwa hiyo hakuweza kubomoa vivi hivi. Ilibidi kamati ya halmashauri ije ione, isikilize pande zote, ndipo iamue. Barua ikabandikwa mlangoni. Alidai kuta zina nyufa na zitaua watu. Wapangaji, ambao mjini wasingepata vyumba vingine kwa kodi ile, wakaandika pingamizi na kutia sahihi, baba wa kwanza, kwa mwandiko mkubwa. Kamati ilipokuja, watu sita na mafaili yao, iliongozwa na mama mmoja mhandisi, mrefu, mwenye buti za mpira. Aligonga kuta kwa vifundo vya vidole kama mtu anayechagua tikiti sokoni. "Hizi ni kuta," akasema akiwageukia wenzake. "Zinazuia joto, zinazuia hata kelele. Ukifunga mlango hapa, hakuna anayekusikia." Wapangaji wakatikisa vichwa kwa fahari, ungedhani wao ndio waliobeba yale mawe. Nilimtazama mama. Alikuwa anatazama kandambili zake.

Nyufa zilikuwepo kweli, tatu: moja kwenye ujia, moja kwenye ukuta wa ua, na moja chumbani kwetu, juu ya kitanda. Juu ya kila ufa mhandisi akabandika kipande chembamba cha kioo kwa saruji, huku na huku ya ufa, kisha akatueleza sote, watoto kwa wakubwa. Ukuta ukisogea, hata unywele mmoja, kioo kitapasuka. Masika yakipita na vioo vikiwa vizima, nyumba ni imara, itabaki. "Kimoja kikipasuka, tutajua ni ajali," akasema. "Vikipasuka vyote, msinililie." Basi nyumba nzima ikawa inaishi kwa vioo. Asubuhi watu walivitazama kabla ya kunawa uso. Kile cha uani Mama Zuhura alikifunika kwa ndoo kuukuu iliyokatwa, ili mpira wa watoto usikiguse, na ole wake mtoto atakayeisogelea.

Jumapili moja ya Aprili mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba hatukumsikia baba akiingia. Sikumbuki lilikuwa kosa gani. Nakumbuka alimshika mama mabegani, akamnyanyua, akamtupa ukutani juu ya kitanda, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu nikasikia milio miwili: mmoja mkavu, wa mkono wa mama, na mwingine mdogo, wa kioo. Mama aliteleza hadi kitandani, mkono umepinda mahali ambapo mkono haupindi, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa, "Kioo! Baba Anna, kioo kimevunjika!" Baba akasimama. Akakitazama kioo, hakumtazama mke wake. Mlango ukagongwa kwa funguo, kiberiti kikaombwa, na baba akampa. Kisha akachukua picha ya Familia Takatifu, akaitundika juu ya kioo kilichovunjika, na kutuambia kwamba atakayefungua mdomo atamkuta yeye.

Usiku huo nililala kando ya mama nikihesabu. Kimoja kimevunjika, vimebaki viwili. Kimoja ni ajali. Vyote vitatu ni nyumba kuanguka, na nyumba ikianguka tutahama, na tukihama baba atapoa. Hesabu ilikuwa rahisi hivyo. Jumatatu mama alikwenda hospitali kufungwa plasta, baba akaenda gereji, na mchana, mvua ilipoanza tena na watu wakajifungia ndani, nilitoa spana kubwa kwenye sanduku la baba, mlangoni. Kioo cha ujia kilivunjika kwa pigo moja. Cha uani nilikipiga mara nne, ndoo ikaanguka, na nikaendelea kupiga saruji, nikapiga jiwe lenyewe, mpaka kiganja kikachanika. Siwezi kudai nilikuwa na huzuni. Nilikuwa na raha ambayo sijawahi kuipata tena. Nilinawa damu bombani, nikafuta spana, nikairudisha mahali pake.

Mvua ilipokatika, Evaristi alipanda kwenye paa na nyundo kuziba bati lililovuja. Hilo ndilo lililompoteza. Jioni wapangaji walipoviona vioo, Mama Zuhura alisema alisikia kwa masikio yake mtu anagonga, na hakuna aliyehitaji ushahidi mwingine. "Mbwa ametumwa na bwana wake!" Walimtoa kwenye kijumba chake wakimburuta kwa kola. Alikuwa anasema, "Ndugu zangu, sio mimi, haki ya Mungu sio mimi," wakampiga makofi, kisha mateke, kisha kwa vijiti vya mwavuli na kwa ile ndoo. Mtu akaingia chumbani kwetu kutazama kioo cha tatu, akaiinua picha, akapiga kelele kwamba nacho kimevunjwa. Hapo baba, aliyekuwa ndio kwanza anafika, alisimama katikati ya ua. Watu wote wakamgeukia. Niliona macho yake yakitafuta pa kutokea. "Kumbe ameingia hadi chumbani kwangu!" akanguruma. Akainama mlangoni, akatoa spana, ileile, na kumpiga Evaristi usoni.

Nilikuwa nimesimama kando ya bomba, kiganja nimekificha kwapani. Maneno yalikuwa mawili tu: ni mimi. Nilimtazama Evaristi akishika uso, damu ikimtoka katikati ya vidole na kumwagika kwenye maji ya mvua, na funguo zake zikikanyagwa. Sikusema. Baba alipiga tena. Mama, na mkono wake mpya wa plasta, alitoka akipiga mayowe ambayo hakuwahi kuyapiga kwa ajili yake mwenyewe, akajitupa juu ya yule mtu, ndipo wakaacha. Nimesoma na kusikia mengi kuhusu hasira za umati, lakini ninachokijua mimi ni kidogo: nilikuwa naogopa kuuawa na baba, na nikaona afadhali auawe mwingine.

Evaristi hakufa. Alipoteza jicho la kushoto. Polisi walikuja wakachukua wanaume wanne, ila baba alikuwa ameshapanda gari la Tarakea. Alivuka mpaka kuingia Kenya na hakurudi. Wapangaji wengine wakatawanyika kwa hofu ya kesi. Mhandisi wa buti alirudi, akaokota vipande, akasema wazi kwamba vioo hivi vimepigwa, havikupasuliwa na ukuta, na nyumba ni imara kama siku ya kwanza. Lakini kamati ilipoketi kusikiliza pingamizi, hakuna hata mmoja wa waliotia sahihi aliyejitokeza, na asiyekuwepo na lake halipo. Kibali kikatoka. Katapila lilikuja siku ya jua, likaupiga ukuta wa chumba chetu mara nyingi hata dereva akashuka kufuta jasho na kutukana. Ulipodondoka hatimaye, vumbi la chokaa lilitujaa midomoni, na nilipiga makofi. Mama alinizaba kibao, cha kwanza na cha mwisho maishani mwake.

Mama alikuwa amekosea kuhusu nyumba, na mimi pia. Hata hivyo hesabu yangu ilitoka sawa, na hilo ndilo linalonitesa. Nyumba ilianguka, baba akaondoka, na mama akapona. Tulihamia Njoro, chumba cha matofali ya bloku ambacho ungeweza kusikia jirani akikoroga chai, na hakuna Jumapili tuliyoumizwa tena. Leo mama ana ng'ombe wawili na mdomo mrefu kwa wajukuu. Mahali pa nyumba ile pamesimama jengo la ghorofa lililovaa vioo kuanzia chini hadi juu. Majuzi nimeona barua nyingine imebandikwa kwenye jengo la kale mtaa wa pili, ikiwaalika wananchi kutoa maoni, na vijana mtandaoni wanagombana: urithi wetu, maendeleo yetu. Nimekwenda kwenye kikao. Niliposimama niliwaambia nyumba ile isibomolewe, na kwamba kabla ya kuzisifu kuta waulize kwanza nani analala ndani. Wakaandika sehemu ya kwanza. Nilipotoka pale nilijua ni wapi nilipaswa kwenda kusema kwanza.

Kwetu Uchagani, aliyekosa hupeleka isale, lile jani refu la mpaka wa shamba, na anayepelekewa hakatai kusamehe. Kwa sababu hiyo hasa nilikuwa nimekawia miaka yote: niliona ni kumlazimisha mtu kwa mara ya pili. Nilimkuta Evaristi kwao Machame, nyuma ya nyumba, anawakatia ng'ombe majani ya migomba. Nikamwamkia, nikampa isale na mzizi wake, nikamweleza yote nikiwa nimepiga magoti. Alisikiliza huku akinigeuzia jicho zima. Miaka yote aliamini ni tajiri aliyemtuma mtu mwingine.

"Mama yako?" akauliza.

"Yupo, baba. Mzima."

"Alimpiga tena?"

"Hapana. Tangu siku ile, hapana."

Alilipangusa lile isale udongo mzizini. "Isale halikataliwi," akasema mwisho. "Nimepokea. Sasa niambie wewe. Ungerudishwa siku ile, vile vioo ungeviacha?"

Nilikuwa nimebeba machozi na maneno mazuri tangu mjini. Yote yalinikauka. "Ningevivunja, baba," nikasema. "Ila ningesema ni mimi."

"Ungesema, angekuua," akajibu, bila ukali, kama mtu anayesahihisha kipimo. Akachukua panga, akachimba shimo dogo kando ya mlango wake, akalipanda lile isale na kulishindilia kwa kisigino. Alilipanda upande wa kushoto, upande asioona.